Barua kwa mwanangu: kuhusu tarehe ya upasuaji

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu na dua njema kwako, kwa mume wako na kwa mjukuu wangu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kushika kalamu. Wewe uliyekwisha kukatwa titi la kushoto kwa saratani, na kukutwa na hitilafu ya jeni niliyonayo mimi pia, umeniuliza hivi: "Mama, madaktari wamesema niondolewe ovari kabla sijatimiza miaka 40, na titi lililobaki wameniachia niamue mwenyewe. Wewe ulijuaje kwamba wakati umefika?" Sikutaka kukujibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu wewe hunificha machozi nami hukuficha wasiwasi, kisha tunaagana bila kuambiana lililotupigisha simu.

Jibu la kweli ni kwamba sikujua. Nilichelewa miaka mitatu, na nataka nikueleze nilivyochelewa, kwa kuwa huenda hilo likakufaa kuliko ushauri.

Unakumbuka mwaka 2006, nilipokuwa na miaka 41, nilikatwa titi la kulia kwa saratani, nikatundikiwa dripu za dawa duru sita, kisha nikaenda Dar es Salaam kupigwa mionzi katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, ambako wakati ule ndiko kulikokuwa na mashine za mionzi peke yake katika nchi nzima. Nilidhani nikirudi Tanga nimemaliza. Miaka miwili baadaye mama mkubwa wako akaanza kulalamika kwamba tumbo linajaa hata akila vijiko vitatu vya uji. Hospitali aliyokwenda kwanza ilimpa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi mitano. Siku moja nilimsaidia kuvaa, nikaona ncha za kanga yake hazikutani kiunoni, ilhali mikono yake imekonda hata bangili zinamtoka zenyewe. Nilijua pale pale kwamba hayo si maradhi ya vidonda. Alipopigwa ultrasaundi, saratani ya ovari ilikuwa imekwisha kutambaa kwenye utando wa tumbo, na hakumaliza mwaka.

Baada ya arobaini nilikwenda kliniki yangu ya kawaida. Daktari aliposikia habari ya dada yangu aliweka kalamu chini. Akasema kwamba ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja akiugua titi akiwa bado kijana na mwingine akiugua ovari, hiyo ni dalili ya jambo la ukoo. Kipimo cha jeni sikukipata wakati ule, lakini alinishauri nitolewe ovari zote mbili na mirija yake. Nilikuwa na miaka 43, sikuwa na haja ya kuzaa tena, na sikuwa na hoja yoyote ya kumpinga. Nikasema nitarudi.

Kwanza ilikuwa msiba, maana sikuona vizuri kulala hospitali na huku wafiwa wamejaa nyumbani. Kisha ukaja mtihani wako wa kidato cha sita, ikaja Ramadhani, ikaja harusi ya binamu yako, nikaitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Kila tarehe ilikuwa na udhuru wake, na kila udhuru ulikuwa wa kweli. Nyumbani nako walikuwapo wa kuniambia kwamba haraka haraka haina baraka, na wa kuniambia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nikawa namsikiliza aliyesema mwisho.

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha kidato cha tatu mada ya uzazi. Nimeuchora mji wa mimba ubaoni, na mirija yake, na ovari huku na huku, chaki bado iko mkononi. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ovari zikiugua mtu hujuaje?" Nikamjibu bila kufikiri, "Mara nyingi hajui mpaka imechelewa." Nilijisikia ninavyolisema neno hilo. Nikamaliza kipindi, nikafuta ubao, na Ijumaa ya wiki ile nikaenda kuomba tarehe. Nilifanyiwa upasuaji nikiwa na miaka 46. Majibu ya maabara yalichukua wiki mbili na yalikuwa safi, lakini mwanangu, usiyachukue majibu yale kuwa ushahidi kwamba nilifanya vyema kusubiri. Niliponea, basi.

Ninachokuomba ukione katika habari hii ni kwamba madaktari wako wamekupa mambo mawili yenye saa tofauti, nawe katika ujumbe wako umeyafunga katika furushi moja. Nadhani uzito unaousikia unatoka hapo.

Chukua ovari kwanza. Mwenye hitilafu ya BRCA1, jeni ambalo likiwa zima husaidia kuukinga mwili na saratani, kama wewe na mimi, ana hatari ya takriban 44 katika 100 ya kupata saratani ya ovari kabla ya kufika miaka 80, wakati mwanamke wa kawaida hatari yake ni zaidi kidogo ya 1 katika 100. Hatari hiyo huanza kupanda kwa kasi baada ya 40, ndiyo maana wenye BRCA1 huambiwa wafanyiwe upasuaji kati ya miaka 35 na 40 wakishamaliza kuzaa, na wenye hitilafu ya jeni mwenzake, BRCA2, ambao saratani hiyo huwajia baadaye, huweza kusubiri hadi kati ya 40 na 45. Tarehe hiyo haikutungwa ili kukutisha. Imewekwa kwa sababu ovari hazina mlinzi. Hapo hapo Uingereza unakoishi wanawake zaidi ya 200,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, baadhi wakipimwa kila mwaka damu ya CA-125, protini ambayo huweza kupanda kukiwa na saratani ya ovari, na baadhi wakipigwa ultrasaundi kila mwaka, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba vipimo hivyo havikupunguza vifo. Kwa hiyo mtu akikuambia "pimwa tu kila mwaka, usikatwe", mwambie kwamba huo ni ushauri mwema kwa titi na si kwa ovari.

Titi lina mambo yake. Linaonekana. Unapigwa picha ya MRI kila mwaka, unajipapasa, daktari anakupapasa, na uvimbe ukija kuna uwezekano mkubwa wa kuonekana ukiwa mdogo. Silidharau: kwa mwenye BRCA1 aliyekwisha kuugua upande mmoja, watu kama 40 katika 100 hupata saratani upande wa pili ndani ya miaka 20, na kuliondoa titi hilo hupunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90. Lakini sikiliza alichokuambia daktari wako, ambacho uliniandikia kwa kupita tu kana kwamba hakina uzito. Kuliondoa titi la kulia hakuizuii saratani iliyotoka titi la kushoto kurudi mahali pengine mwilini. Saratani yako ni ile isiyo na vipokezi vitatu, yaani vishikio ambavyo baadhi ya dawa huvilenga, na ya aina hiyo ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo. Wewe umemaliza tiba mwaka mmoja na nusu uliopita. Kutumia muda huu kupona, kula, kulala na kufuatiliwa vizuri si uzembe, na anayekuuliza "bado hujatoa tu?" hajui anachouliza.

Uliniambia kwamba usiku wa kuamkia kila kipimo unatamani wakukate hata kesho ili yaishe. Naijua hali hiyo. Mimi nilikuwa naipata kila Novemba, mwezi niliogunduliwa ugonjwa. Usitie saini fomu yoyote katika usiku wa namna hiyo. Ukipata majibu, na hofu ikashuka, na wiki tatu baadaye bado unataka upasuaji, basi hayo ni maamuzi yako na nitayaunga mkono bila swali.

Sasa mtoto, kwa maana najua ndiye aliye chini ya swali lako lote. Daktari alikushauri usishike mimba hadi itimie miaka miwili tangu umalize tiba, na miaka hiyo inatimia Machi mwakani, ukiwa na miaka 37. Hapo unayo nafasi ya kujaribu na bado ukaiwahi 40. Kuna jambo ambalo mimi sikulijua mpaka uliponitumia karatasi zile za kliniki: wakiondoa ovari na mirija, mji wa mimba hubaki, na mwanamke aliyehifadhi viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, kabla ya dawa, kama mlivyofanya wewe na mume wako, anaweza kubeba mimba hata baada ya upasuaji, chini ya usimamizi wa madaktari. Si njia nyepesi, na habari ya homoni itabidi ijadiliwe na bingwa wako wa saratani, lakini maana yake ni kwamba mlango haufungwi siku ya upasuaji. Na ukijaliwa mtoto kwa njia ya kawaida, titi hilo la kulia litamnyonyesha. Hiyo nayo ni sababu ya kutoliharakia.

Kama hutaki mtoto wa pili, sema. Usiendelee kubeba ovari hizo miaka mitatu kwa sababu mama mkwe wako ameuliza mjukuu wa pili. Nitazungumza naye mimi, mzazi kwa mzazi, na nina hakika atafahamu.

Upasuaji wenyewe ni mwepesi kuliko ule wa titi. Mimi nilipasuliwa tumbo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, lakini wewe watakufanyia kwa kamera kupitia matundu madogo, na wengi huondoka siku ile ile au kesho yake. Waulize kabla kama mirija yote itakatwa vipande vyembamba na kuchunguzwa kwa darubini, kwa kuwa siku hizi inajulikana kwamba nyingi ya saratani zinazoitwa za ovari huanzia kwenye ncha za mirija, na ndogo sana zinaweza kupita bila kuonekana.

Kizito ni kinachofuata. Hedhi yangu ilikoma kwa siku moja, si kwa miaka kama ilivyomkoma bibi yako. Joto lilikuwa likinipanda kutoka kifuani nikiwa mbele ya darasa, jasho linachuruzika mpaka chaki inalowana vidoleni, nami sina pa kukimbilia. Usiku nilibadilisha shuka mara mbili. Kwa aliyewahi kuugua saratani ya titi, madaktari kwa kawaida huepuka kumpa homoni mbadala, kwa hiyo uliza mapema ni dawa zipi nyingine zipo. Omba upimwe uzito wa mifupa, kwa sababu mifupa hupungua haraka ovari zikitolewa mapema, na moyo nao unataka kuangaliwa. Na lipo lile ambalo somo wako angekuambia kama angekuwa hai: kuna ukavu, kuna maumivu ya chumbani, na hamu hupungua. Mwambie mume wako kabla, kwa maneno yaliyo wazi. Baba yako sikumwambia, akafikiri nimemchoka, na mwaka mzima tuliupoteza kwa kununiana kimya kimya juu ya jambo ambalo lilikuwa na dawa ya kupaka.

Ukiniuliza rai yangu, ni hii. Jaribuni kupata mtoto kuanzia Machi. Lakini leo hii, kabla ya kujaribu, mwombe daktari aandike kwenye jalada lako mwezi ambao ovari zitaondolewa, mwezi ulio kabla ya siku yako ya kutimiza 40, uwe umepata mimba au hujapata. Nasema uandikwe, kwa sababu tarehe yangu mimi ilikuwa kichwani tu, na kichwani kila harusi iliisogeza mbele. Titi liache lifuate baada ya kunyonyesha, au lisifuate kabisa ikiwa moyo wako utatulia na vipimo. Hili la pili sitakusukuma, nami mwenyewe titi la kushoto ninalo hadi leo, nalipima kila mwaka, na tangu jeni langu lithibitishwe mwaka jana nimekuwa nalifikiria upya. Huenda tukaamua pamoja.

Mwambie kaka yako naye akapime. Anadhani ni maradhi ya kike, hali yeye ana nafasi nusu kwa nusu ya kulibeba jeni hili kama wewe ulivyokuwa nayo, na ana mabinti wawili.

Mwezi ukishaandikwa, nitumie. Pasipoti yangu bado haijaisha, na kwa kuwa nimestaafu naweza kukaa kwako wiki sita. Hutaruhusiwa kunyanyua kitu kizito kwa muda, na mjukuu wangu, kwa picha uliyonitumia Jumapili, amekwisha kuwa mzito. Huyo niachie mimi.

Mama yako