Ukikabidhiwa HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizo kwenye kimiminika), usiishie kwenye 0.9999

Mgeni wa maabara akiona R² (kipimo cha jinsi nukta zinavyokaa kwenye mstari; 1 ndiyo kamili) imesoma 0.9999 hupumua, akaendelea na sampuli. Hapo ndipo ningependa mtulie kidogo.

Fungua Excel ujaribu mwenyewe. Chukua standadi tano, yaani miyeyusho ambayo kiasi chake unakijua: 1, 5, 10, 50 na 100 µg/ml. Maeneo ya vilele (ukubwa wa ishara ya mashine kwa kila moja) yawe 10, 50, 100, 500 na 980, yaani zote zimenyooka isipokuwa ile kali kabisa, iliyopungukiwa asilimia 2 tu. Chora mstari. R² ni 0.9999, safi. Sasa ipitishe standadi ya 1 kwenye mlinganyo huohuo: inasoma 0.79! Umekosea kwa asilimia 21 na programu haijasema kitu, kwa sababu mstari wa kawaida huvutwa na namba kubwa, ndogo zinaburutwa tu. Kwa hiyo kila mara angalia jedwali la standadi moja moja: ulitengeneza ngapi, imesoma ngapi. Kama unasaka uchafu mdogo ndani ya dawa, tumia uzito wa 1/x (unaozipa standadi ndogo nguvu zaidi kwenye mstari), au fupisha masafa ya standadi. Na kulazimisha mstari upite kwenye sifuri ili upendeze, hapana.

Mfuatano wa sindano wenyewe hauna maajabu. Anza na kiyeyushi kitupu, kisha standadi moja sindano sita. RSD (kiasi sindano hizo zinavyotofautiana, kwa asilimia ya wastani) ikizidi asilimia 2.0 simamisha kazi, usiendelee ukitumaini itatulia. Zifuate standadi zote, kiyeyushi kitupu tena baada ya ile kali, ndipo sampuli. Mimi huchomeka standadi ya ukaguzi kila baada ya sampuli kumi, na moja ya mwisho kabisa, ili mashine ikiyumba usiku nijue ilianzia wapi.

Kabla ya kubonyeza anza, soma namba za vichupa ukitazama trei yenyewe. Ukinakili mistari, kagua pia safu ya uzito wa sampuli na ya kuzimua; makosa hupenda kujificha humo. Halafu piga hesabu ya chupa ya kimiminika kinachopita kwenye mashine: sindano 40 za dakika 12 kwa 1 ml kwa dakika ni 480 ml, bado kuosha kolamu (bomba linalotenganisha kemikali). Mimi ningejaza 700.

Asubuhi ukikuta programu imekata kilele vibaya, pale kinapoanza au kuishia, usikivute kwa mkono. Rekebisha mipangilio ya uchakataji, kisha ichakate upya seti nzima, standadi na sampuli pamoja, na uandike sababu. Mkaguzi huanzia kwenye kumbukumbu za mabadiliko.