Kurudi kwenye ndege za plastiki: mshono kwanza, rangi baadaye

Wengi wanaorudi kwenye uundaji wa ndege ndogo za mfano za plastiki baada ya kuuacha tangu utotoni huanza kwa kununua rangi, nami nilifanya vivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa zaidi ya miaka 20 bila kugusa kazi hii, na ndege yangu ya kwanza niliporejea, Spitfire (ndege ya kivita ya Waingereza) ya skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ile halisi, niliipaka rangi vizuri kuliko zote za utotoni. Lakini kila aliyeishika aliuona kwanza ufa uliopita mgongoni kutoka puani hadi mkiani.

Hesabu yake ni rahisi. Mabawa ya Spitfire halisi yalikuwa na urefu wa mita 11.23 kutoka ncha hadi ncha, na katika skeli hiyo yanabaki sentimita 15.6 tu. Ufa wa nusu milimita, ambao juu ya meza unaonekana si kitu, ni sawa na ufa wa sentimita 3.6 kwenye ndege yenyewe, upana unaopitisha kidole gumba na nafasi ikabaki. Rangi haiufichi ufa huo, huuchora.

Kabla ya kuunganisha chochote, osheni vipande vyote vikiwa bado kwenye fremu ya plastiki vinayokuja nayo, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ili kuondoa mafuta yaliyobaki kutoka kiwandani. Mnapokitoa kipande, msikikate sambamba na ukingo wake, wala msikivunje kwa vidole kama tulivyofanya utotoni. Kateni mbali kidogo, mbakishe kisiki cha milimita moja au mbili, kisha kipunguzeni kwa kisu chenye makali na mmalizie kwa msasa. Baada ya hapo jaribuni kuunganisha vipande vikavu, bila gundi, mara mbili au tatu, kwa sababu mara nyingi kizuizi ni kijipande kidogo cha plastiki ambacho msasa ungekiondoa kwa sekunde kumi.

Gundi nayo inahitaji kueleweka. Gundi ya majimaji inayouzwa kwa kazi hii haibandiki kama gundi ya karatasi: inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, na pande hizo zinaungana zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo haipakwi kwanza. Shikanisheni nusu mbili za kiwiliwili kwa vipande vya utepe wa karatasi, gusisheni brashi ya gundi kwenye mstari wa maungio, na gundi itatambaa yenyewe ndani ya ufa. Subirini kama nusu dakika, kisha bonyezeni taratibu mpaka plastiki iliyolainika itokeze nje kama uzi mwembamba. Uzi huo msiuguse wala msiufute, kwani ndio utakaoujaza ufa. Iacheni kazi hiyo siku nzima, mkiweza siku mbili, ndipo muukwangue kwa kisu na kusawazisha kwa msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000 wenye maji. Mimi puti, ile lipu ya kuzibia nyufa, sasa naitumia mara chache sana, na pale ninapoihitaji huwa najua kwamba niliharakisha.

Ili kuukagua mshono, yaani huo mstari wa maungio, pakeni rangi ya msingi ya kijivu juu yake peke yake na muutazame chini ya taa iliyoinamishwa ubavuni. Kijivu hakina huruma, na kasoro ambayo macho yaliipita kwenye plastiki tupu itajitokeza. Rudieni msasa, rudieni kijivu. Kwa ndege yangu ya pili nilirudia mara nne, na sioni aibu kulisema hilo.

Kuhusu rangi yenyewe, brashi ya hewa, inayopuliza rangi, na kompresa yake ni ghali na zinaweza kusubiri. Brashi bapa yenye upana wa milimita sita hivi inatosha kabisa, ilimradi rangi izimuliwe mpaka ifanane na maziwa, na ipakwe kwa matabaka membamba matatu au manne. Tabaka la kwanza litakuwa na mabaka na litawakatisha tamaa. Liacheni hivyo hivyo likauke, kwa maana kosa kubwa la mwanzoni ni kurudia brashi mahali ambapo rangi imeanza kushika, jambo linaloivuta na kuacha mifereji.

Sisi tunaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tuna jambo jingine la kuangalia, ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalitaji. Joto la mchana hukausha rangi ya maji kwenye ncha ya brashi kabla haijafika kwenye bawa, hivyo kazi ya brashi huenda vizuri asubuhi na mapema. Rangi au vanishi ya kopo la kupulizia ni kinyume chake: kimiminika chake hukauka haraka na kuupoza uso wa plastiki, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo alfajiri, unyevu huo hugeuka matone ya maji juu yake na kuacha ukungu mweupe. Hiyo ipulizieni alasiri, siku kavu, mahali penye hewa ya kutosha.

Kioo cha chumba cha rubani kisiguswe na gundi kali ya papo hapo, kwa kuwa mvuke wake hukitia ukungu. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na hukauka ikiwa angavu. Fremu za kioo hicho hupakwa baada ya kufunika sehemu angavu kwa utepe, na utepe huo uondoeni mara rangi inapokauka. Wangu niliusahau kwa wiki sita za joto, ukaacha ulimbo wake wote juu ya kioo. Nilichofanya ni kubandika kipande kipya cha utepe uleule juu ya ulimbo na kukibandua, tena na tena, mpaka kioo kikawa safi.