Nilinunua namba ya kwenye boksi

Bunduki yangu ya kwanza ya upepo niliichagua kwa kuangalia kitu kimoja tu. Boksi lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: mita 380 kwa sekunde. Nikaona hapa nimefika. Siku niliyoijaribu nyuma ya nyumba, jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza ni nini kimepasuka. Risasi ilikuwa imepita mwendo wa sauti, ambao ni mita 340 hivi kwa sekunde, na ikishapita hapo inapiga mlio wake yenyewe hewani, hata ufunge kizuia sauti cha aina gani.

Kelele ningeivumilia. Kilichoniuma ni karatasi ya shabaha. Umbali wa mita 25, risasi kumi, na matundu yametapakaa eneo la sahani ya kulia chakula.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Risasi ya bunduki ya upepo ina kiuno: kichwa kizito mbele, sketi yenye uwazi nyuma. Umbo hilo linaituliza ikienda mwendo wa wastani, lakini ikikaribia mwendo wa sauti inaanza kuyumba. Halafu ile namba ya kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwa risasi nyepesi mno, zisizo za madini ya risasi, ambazo mtu anayejali shabaha hazitumii. Mimi sasa natafuta mita 240 mpaka 290 kwa sekunde na risasi nzito. Nguvu naisoma kwa jouli, kwa sababu jouli zinahesabu uzito na mwendo pamoja. Risasi ya gramu 1.17 ikitoka na mita 270 kwa sekunde inabeba kama jouli 43, na hiyo ni nguvu ya kutosha kabisa.

Kosa langu la pili lilikuwa springi. Sizidharau bunduki za springi; unakunja mtutu, umekoki, basi, huhitaji mtungi wala pampu. Ila zinaruka mara mbili. Ndani yake springi inasukuma pistoni, nayo inabana hewa inayotoa risasi. Pistoni ikianza kwenda mbele, bunduki inarudi nyuma. Pistoni ikigota mwisho, bunduki inavutwa mbele. Kadiri springi inavyokuwa kali, ndivyo mtikisiko unavyozidi, na ukiikaba kwa nguvu unaharibu zaidi. Dawa yake ni kuilaza juu ya kiganja kilichofunguka na kuiacha iruke inavyotaka, kila mara vilevile. Ilinichukua miezi kuzoea. Darubini yangu ya kulengea, iliyofungwa juu ya bunduki, haikusubiri: ilitengenezwa kwa mtikisiko wa upande mmoja, ikaanza kuhama yenyewe, nami nikawa nalaumu risasi. Ukichagua springi, chukua ya nguvu ya wastani, na ulize kama darubini imetengenezwa kwa ajili yake. Usiifyatue tupu pia, pistoni itagonga bila hewa ya kuipokea na kuua sili, ule mpira unaozuia hewa kuvuja.

Kwa anayetaka bunduki moja ya nyumbani na ya masafa, ushauri wangu ni aina inayojazwa hewa kabla, ile inayojulikana kama PCP. Haina mtikisiko wa kusema. Angalia vitu viwili kabla ya urembo wa kitako: regyuleta, inayofanya kila risasi isukumwe na presha ileile, na kirekebisho cha nguvu. Hicho cha pili ndicho kinachoniwezesha kushusha nguvu nikiwa nyuma ya nyumba, na kupandisha nikiwa uwanja wa wazi.

Hewa yenyewe ndiyo kazi. Nyingi hujazwa presha ya kati ya bar 200 na 300 (bar ni kipimo cha presha). Nilianza na pampu ya mkono, nikahesabu mara mia na kitu kwa kujaza tu pale palipopungua, shati limelowa. Pampu ikipata moto ipumzishe, la sivyo oringi, vile vipete vya mpira vya kuziba hewa, zinakwisha. Na tafadhali: usitie mafuta ya kawaida kwenye njia ya hewa, yanaweza kuwaka kwa presha hiyo, grisi ya silikoni inatosha. Mtungi wa oksijeni usiuguse kabisa.

Ukubwa wa risasi, yaani kipenyo chake, usikupotezee usingizi. Milimita 4.5 ndiyo ya mashindano ya Olimpiki ya mita 10, na ni nafuu kufanyia mazoezi. Milimita 6.35 inahimili upepo vizuri lakini inakunywa hewa. Mimi nimetulia kwenye 5.5. Cha kuhangaikia ni makopo ya risasi: nunua aina nne au tano, piga kila moja kwenye karatasi yake, maana mitutu miwili inayofanana inaweza kupenda risasi tofauti.

Masafa nayo yana hesabu yake. Kwa risasi ile ya mita 270, kwenye mita 25 inashuka sentimita tano hivi kutoka mstari wa mtutu. Kwenye mita 100 inashuka zaidi ya nusu mita, na upepo mdogo tu unaisukuma pembeni. Ndiyo maana darubini iwe na alama za kufidia kushuka huko, na iweze kuona vizuri kuanzia mita 10.

Kabla ya yote hayo, tazama sheria ya mahali ulipo. Ujerumani kikomo bila kibali ni jouli 7.5, England na Wales ni kama jouli 16 kwa bunduki ndefu.

Na nyuma ya shabaha weka nini? Mimi niliegesha plaiwudi. Risasi ilipita kama karatasi, ikachimba ukuta. Sasa nina sanduku la mchanga lenye kina cha mkono mzima, na miwani ya kukinga macho haitoki usoni. Nikichekecha mchanga wake, risasi zinatoka zimebapa kama vifungo, nanawa mikono kwa sabuni kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi, kisha narudi kupampu.