Shamba la Texas liliuzwa, mafuta ni ya nani?

Pole kwa msiba, dada. Nimekuelewa: marehemu mumeo aliuza shamba lake la Texas zamani, na sasa kampuni imekuandikia ikitaka kununua haki ya madini (yaani mafuta na gesi iliyo chini ya ardhi) ambayo hukujua kama ipo.

Inawezekana kabisa. Sisi tumezoea kwamba mafuta ni ya serikali, na nchi nyingi ndivyo zilivyo. Marekani mtu binafsi anaweza kuuza ardhi ya juu akajibakizia kilicho chini, na kilicho chini kikarithiwa peke yake.

Kwanza usisaini chochote. Ofisi ya karani wa kaunti lilipo shamba ndiyo inayotunza kumbukumbu. Omba nakala ya hati ya mauzo, utafute kipengele cha alichojibakizia muuzaji. Angalia pia kama kuna mkataba wa uchimbaji. Mrabaha, yaani fungu analolipwa mwenye madini, kizamani ulikuwa moja ya nane ya mapato, siku hizi hata robo hupatikana, kwa hiyo tarehe ya mkataba ina maana kubwa. Halafu tafuta jina la marehemu kwenye orodha ya jimbo ya fedha zisizodaiwa. Za baba mkwe wangu tulizikuta huko, zimelala!

Anayekuharakisha kuuza huenda anajua kisima cha mafuta kinakuja. Mimi nusura niuze. Tena zipo karatasi zenye kichwa cha kukodisha huku ndani ni mauzo.

Kama mirathi haijafunguliwa, tafuta mwanasheria wa Texas anayeshughulikia mafuta na gesi, sio wa mambo yote.