Wasomaji Wauliza: Itria Imeongezwa, Mbona Oksijeni Haipiti?

SWALI: Maabara yetu ya chuo inatengeneza vidonge vya kauri ya zirkonia (oksidi ya metali ya zirkoni) iliyochanganywa na itria (oksidi ya metali ya itri). Chenye itria asilimia 8 ya moli (yaani kwa idadi ya chembe, si kwa uzito) kinapitisha ioni za oksijeni, yaani atomi zake zenye chaji, vizuri kuliko chenye 12, ingawa hicho cha pili kina nafasi tupu nyingi zaidi, yaani mahali pasipo na oksijeni ndani ya fuwele. Kwa nini?

JIBU: Nafasi tupu iliyonaswa haina kazi. Itri ina chaji 3+, zirkoni 4+, kwa hiyo kila ioni mbili za itri zikikaa mahali pa zirkoni, nafasi moja ya oksijeni hubaki wazi. Kwenye asilimia 8, ni kama nafasi 1 kati ya 27. Ioni ya jirani inarukia humo, pengo linahamia ilikotoka. Ndivyo oksijeni inavyosafiri. Kila mruko unahitaji joto, ndiyo maana sensa ya oksijeni ya zirkonia kwenye ekzosi ya gari haifanyi kazi mpaka ipate moto wa kama 300 °C.

Ukizidisha itria, mapengo yanavutwa na itri, yanasongamana, kisha yanaanza kujipanga. Kila mruko sasa unadai nishati zaidi. Mapengo yakitawanyika ovyo ioni hupita, yakijipanga, zinakwama.

Ila msipunguze mno. Zirkonia tupu ikipoa hubadili umbo la fuwele, ikatanuka asilimia 3 hadi 5 na kupasuka.

Kwa gramu 100 za unga wa asilimia 8 ya moli: itria gramu 13.74, zirkonia 86.26. Itria hunyonya unyevu na kabonidioksidi hewani, hivyo ichomeni kwanza kwa 900 °C, ipoeni ndani ya chombo kikavu, ndipo mpime. Mkiipima mbichi, 8 yenu siyo 8.

SWALI: Vipimo viko sawa, tumechoma kwa 1,450 °C saa nne, lakini upitishaji bado ni mdogo.

JIBU: Vunjeni kidonge kimoja, dondosheeni tone la wino mahali kilipovunjika. Likinywewa, vitundu vimebaki: unga ulikuwa na chembe kubwa au haukushindiliwa vya kutosha. Likibaki juu, shukuni silika (oksidi ya silikoni). Kinu cha akiki, jiwe la silika, kinachakaa na kuacha silika ndani ya unga. Kwenye tanuri inatandaa mipakani mwa punje (fuwele ndogo zinazounda kauri) kama kioo chembamba, na ioni hazipenyi. Sageni kwa gololi za zirkonia.