Asidi ya kubambua uso wiki saba kabla ya harusi

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Nina miaka 27, naishi Wete. Chunusi zimekwisha lakini zimeniachia madoa meusi mashavuni, na harusi yangu imebaki wiki saba. Saluni moja wameniambia watanipaka TCA (asidi ya trikloroasetiki) ya asilimia 35 mara moja tu, basi. Shoga yangu naye ana chupa ya asidi ya glaikoliki ya asilimia 30 aliyoagiza mtandaoni. Nishike ipi? Na singo, ule msuguo wa bibi harusi, nitafanyiwa kama kawaida?

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa ngozi nyeusi, usishike hata moja kati ya hizo.

TCA ya asilimia 35 haiishii juu juu. Inapenya mpaka tabaka la pili la ngozi na kugandisha protini zake, ndiyo maana uso hugeuka mweupe ikipakwa. Ngozi yetu ikiunguzwa kwa kina hicho hujitetea kwa kumwaga rangi. Doa lililokuwa kama punje huweza kuwa baka linalokaa miezi, na kovu si jambo la mbali.

Ile chupa nayo, asilimia peke yake haikwambii ukali wake. Iko pH, kipimo ambacho namba ikishuka asidi huwa kali zaidi: glaikoliki ya 30 yenye pH 3.5 ni pole, yenye pH 1 inaunguza, na lebo nyingi haziandiki pH. Tena haijizimi: huendelea kufanya kazi mpaka izimwe kwa maji ya sodiamu baikaboneti au ikoshwe kwa maji mengi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo asiye fundi hushtuka akiona mabaka ya kijivu, na hapo ngozi ya juu imeshakufa. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasijipake asidi kali za aina hii nyumbani.

Kwa madoa ya chunusi mimi ningependekeza upakwe na mtaalamu asidi ya salisiliki ya asilimia 20, baadaye 30 ngozi ikistahamili. Inayeyuka kwenye mafuta, hivyo huingia vinyweleoni, na haiendi kina.

Wiki mbili za mwanzo ni za kuandaa ngozi tu. Paka losheni ya kukinga jua kila siku. Tretinoini, ile krimu ya chunusi, isimame angalau wiki moja kabla, na uso usinyolewe wala kung'olewa nywele kwa uzi. Kama umewahi kutumia mkorogo, sema ukweli mapema: mingi ina klobetasoli, dawa kali ya steroidi, ngozi imeshakuwa nyembamba na asidi itazama isikotakiwa. Hapo tunaahirisha. Ndimu usoni pia acha, maji yake yakikutana na jua huunguza. Mwenye mimba, mwenye mzio wa aspirini, au aliyemeza isotretinoini (vidonge vya chunusi) ndani ya miezi sita, asipakwe. Anayetokwa na malengelenge ya homa mdomoni huanzishiwa asikloviri, dawa ya virusi vya malengelenge hayo, kwanza.

Siku chache kabla, ijaribiwe nyuma ya sikio. Siku yenyewe uso unafutwa mafuta kwa spiriti, vaselini inapakwa pembe za macho, tundu za pua na pembe za mdomo. Asidi inaanzia kipaji, kisha mashavu, mwisho kidevu. Baada ya dakika moja hivi utaona unga mweupe. Usiogope, ni chembe za asidi zilizobaki spiriti ikishakauka. Itachoma, kisha itapoa. Dakika tatu mpaka tano, unakosha kwa maji baridi.

Kuanzia siku ya pili au ya tatu uso utabambuka. Usiyavute magamba: kila gamba linalong'olewa kabla ya wakati wake ni doa jipya. Sabuni laini, vaselini, na losheni ya jua ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, kiasi cha vidole viwili kwa uso na shingo, irudiwe kila saa mbili ukiwa nje. Pemba iko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, na mawingu ya masika hayazuii. Losheni yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, ni bora kwa madoa kwani hukinga hata mwanga unaoonekana.

Kwa kalenda yako, upakwe mwisho wa wiki ya pili na mwisho wa wiki ya nne. Zaidi ya hapo usiguse. Wiki tatu za mwisho ni za ngozi kutulia. Mara mbili zitapunguza madoa, hazitayamaliza, kwani kwa kawaida huhitajika mara nne mpaka sita. Zilizobaki zisubiri baada ya fungate.

Singo ya mwili haina neno. Ya uso isifanywe mpaka magamba yote yaishe na zipite siku kumi nyengine, maana kusugua kunachubua ngozi changa, na manukato ya langilangi na asumini huiwasha. Kama mara ya pili ikichelewa hata kwa wiki moja, iache kabisa, ufanye singo.