Kabla hujasaini, uliza kampuni ikiuzwa nyimbo zako zinakwenda wapi

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, Mbeya, umeuliza kama usaini mkataba unaoipa studio umiliki wa rekodi zako zote, kwa kuwa mwenye studio unamwamini. Usiusaini ulivyo. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini rekodi zikishakuwa mali yake, anaweza kuziuza.

Itazame EMI, kampuni ya muziki ya Uingereza. Ilizaliwa 1931, ikainunua kampuni ya rekodi ya Capitol ya Marekani mwaka 1955, ikatamba na bendi ya Beatles. Mwaka 2007 ikanunuliwa na wawekezaji wa Terra Firma, waliokopa fedha nyingi benki ya Citigroup. Deni likawalemea, 2011 benki ikaichukua kampuni. Mwaka uliofuata ikagawanywa: rekodi zikaenda kampuni ya Universal, haki za utunzi zikaenda kwa kundi lililoongozwa na Sony. Hata Parlophone, lebo iliyowatoa Beatles, iliuzwa kwa Warner mwaka 2013, ila rekodi za Beatles zenyewe zikabaki Universal! Hivyo ndivyo kazi ya msanii inavyohama mikono.

Basi dai kifungu kinachosema rekodi zinakurudia baada ya muda fulani, na kwamba kampuni ikiuzwa au ikifilisika, wewe ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuzinunua. Utunzi usiuchanganye na rekodi. Mashairi na melodi yabaki kwa jina lako, uyasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla wimbo haujafika redioni. Mkataba mpelekee wakili hapo mjini, hata kama itabidi uuze gunia la viazi. Wakikataa kubadilisha chochote, kiweke hapa kifungu chenyewe tukisome.